Dawa Mseto ya Malaria na Safari Yake Mwilini: Tathmini ya Mnunuzi

Katika muda wa mwaka mmoja nimenunua dawa mseto ya malaria mara mbili katika maduka ya dawa ya Muheza, mara ya kwanza wakati wa masika kwa ajili yangu mwenyewe, na mara ya pili wakati wa vuli kwa ajili ya mwanangu mwenye umri wa miaka 16. Mara zote mbili kipimo cha haraka kilikuwa kimeonyesha vimelea kabla sijatoa fedha. Dawa yenyewe ni ile ambayo Watanzania tumezoea kuiita ALu na jirani zetu wa Kenya huiita AL, yaani mchanganyiko wa artemetha miligramu 20 na lumefantrini miligramu 120 katika kila kidonge. Ninaiandikia tathmini kwa sababu ni bidhaa inayofika karibu kila nyumba ya ukanda wetu, na kwa sababu baada ya kuiona ikitumika kwa namna mbili tofauti nimeamini kwamba paketi inayouzwa kaunta ni nusu tu ya tiba. Nusu ya pili iko jikoni, na niliponunua mara ya kwanza hakuna aliyeniambia hivyo.

Kwanza niseme kinachopatikana kwa fedha unayotoa. Mtu mwenye uzito wa kilo 35 au zaidi hupewa vidonge 24 vya rangi ya manjano, ambavyo humezwa vinne vinne mara sita katika siku tatu: dozi ya kwanza mara baada ya kupimwa, ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Watoto hupewa kimoja, viwili au vitatu kwa kila dozi kulingana na uzito wao, na paketi zao hutenganishwa ili mzazi asihitaji kupiga hesabu. Upande huu sina budi kuwasifu waliobuni vifungashio, kwa sababu vidonge vya kila dozi vimepangwa pamoja, na michoro inamwezesha hata asiyejua kusoma kutambua kwamba hivi ni vya asubuhi na vile ni vya jioni. Bei haikunisumbua. Vidonge ni vichungu kidogo ulimini lakini humezeka bila taabu.

Kasoro inaanza unapokunjua karatasi ya maelezo. Paketi yangu ya kwanza ilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza na Kifaransa, kwa herufi ndogo kiasi kwamba niliisoma kwa kuisogeza karibu na taa, na sentensi iliyonihusu zaidi, ile inayosema kwamba dawa imezwe pamoja na chakula chenye mafuta au kinywaji kama maziwa, ilikuwa imezama katikati ya aya ndefu. Juu ya paketi kulikuwa na picha ya jua, picha ya mwezi na idadi ya vidonge. Picha ya chakula haikuwepo. Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na ninajua thamani ya kusoma maelezo yote, lakini siku hiyo nilikuwa na homa na kichwa kikinigonga, na mgonjwa katika hali hiyo hasomi karatasi. Anasikiliza anachoambiwa kaunta. Nilichoambiwa ni vinne sasa, vinne baada ya saa nane, kisha asubuhi na jioni.

Basi nilimeza dozi ya kwanza saa 10 jioni kwa chai ya rangi na kipande cha mkate mkavu, kwa kuwa sikuwa na hamu ya chakula chochote kingine. Saa 6 usiku niliamshwa na simu, nikameza dozi ya pili kwa maji matupu, nikarudi kulala. Kesho yake, homa ilipopungua, ndipo nilipoichukua ile karatasi na kuisoma yote, na hapo nikatambua kwamba dozi mbili za mwanzo, zilizohitajika wakati vimelea vilikuwa vingi kuliko wakati wowote, nilikuwa nimezipeleka tumboni bila kitu cha kuzivusha.

Neno kuvusha nalitumia kwa makusudi, kwa sababu tatizo la dawa hii ni la usafiri. Lumefantrini haiyeyuki katika maji karibu kabisa, bali huyeyuka katika mafuta, ilhali mwili wa binadamu ndani ni maji: tumbo lina majimaji, utumbo una majimaji, na damu yenyewe ni maji yaliyobeba vitu vingine. Kila aliyewahi kuosha sufuria ya pilau kwa maji baridi anajua kinachotokea. Kidonge kinapofika tumboni husambaratika vizuri, lakini chembechembe za lumefantrini hubaki ngumu, zikielea katika majimaji yasiyozikubali, na kama hakuna kinachobadilika, sehemu kubwa yake hupita utumbo wote na kutoka na choo.

Kinachobadilisha hali hiyo ni mafuta ya chakula. Mafuta yanapotoka tumboni na kugusa mwanzo wa utumbo mwembamba, ukuta wa utumbo hutoa homoni inayokiamuru kifuko cha nyongo kujikamua, na nyongo iliyotengenezwa na ini humiminika juu ya chakula. Nyongo ina chumvi maalumu zenye tabia mbili kwa wakati mmoja, kwani upande mmoja wa kila molekuli hupenda maji na upande wa pili hupenda mafuta, na kwa tabia hiyo hufanya kazi ile ile ya sabuni katika sufuria ya pilau. Vimeng'enya vya kongosho huyakata mafuta kuwa vipande vidogo, na vipande hivyo pamoja na chumvi za nyongo hujikusanya kuwa vifuko vidogo mno viitwavyo miseli, vyenye ngozi inayokubaliana na maji na kiini cha mafuta. Lumefantrini huingia ndani ya kiini hicho, na sasa, kwa mara ya kwanza tangu imezwe, inaweza kupita katika majimaji hadi kwenye ukuta wa utumbo. Chai ya rangi na mkate mkavu haviwezi kuliamsha jambo hili kwa kiwango kinachotakiwa, na maji matupu ya saa 6 usiku hayawezi kabisa.

Safari haiishii ukutani. Dawa nyingi zinazoyeyuka katika maji, zikishapenya ukuta wa utumbo, huingia katika mishipa midogo ya damu na kupelekwa moja kwa moja kwenye ini, ambako sehemu yake huvunjwavunjwa kabla haijafika mahali pengine popote. Dawa zinazopenda mafuta sana zina njia ya pili. Ndani ya seli za utumbo, vipande vya mafuta huunganishwa upya na kufungwa katika matone yaliyovikwa protini, yaitwayo kailomikroni, na matone haya ni makubwa mno kuweza kupenya kwenye mishipa midogo ya damu. Hivyo huchukuliwa na mishipa ya limfu, ile mishipa yenye majimaji meupe ambayo wengi wetu huikumbuka tu tezi za kwapani au za kinena zinapovimba. Limfu ya utumbo hupanda kwa mfereji mmoja unaopita kifuani mbele ya uti wa mgongo, na kumwagika katika mshipa mkubwa wa damu karibu na bega la kushoto, chini ya shingo. Dawa iliyopanda ndani ya kailomikroni huingia katika damu kwa mlango huo, ikiwa imelikwepa ini katika mzunguko wa kwanza. Huwa nawafundisha wanafunzi njia hii kwa ajili ya mtihani, nami nakiri kwamba haikuwahi kunigusa mpaka nilipokaa kitandani nikihesabu ni kiasi gani cha dawa yangu kilichokosa usafiri.

Ushahidi wa njia ya limfu ulipatikana kwa uwazi mkubwa katika halofantrini, dawa ya zamani ya malaria yenye undugu wa karibu na lumefantrini kwa umbo la kemikali, ambayo matumizi yake yalififia kwa sababu ya madhara yake kwa mapigo ya moyo. Watafiti walipowapa mbwa dawa hiyo pamoja na mlo, zaidi ya nusu ya dozi ilipatikana katika limfu, na walipowapa wakiwa na njaa, kiasi kilichopatikana humo kilikuwa kama asilimia moja tu. Kwa lumefantrini yenyewe, vipimo vilivyofanywa kwa watu wazima wenye afya vilionyesha kwamba mlo wenye mafuta mengi huongeza kiasi kinachoingia katika damu mara 16 ukilinganisha na tumbo tupu. Artemetha, ambayo haipendi mafuta kwa kiwango hicho, huongezeka mara mbili. Mara 16 ni tofauti ya kutisha. Hakuna bidhaa nyingine ninayoijua dukani ambayo mnunuzi anaweza kuipunguzia nguvu kiasi hicho kwa kukosa kifungua kinywa.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba anatakiwa kumlisha mgonjwa wa malaria sahani ya nyama ya kukaanga. Utafiti uliofanywa kwa maziwa ya soya ulionyesha kwamba mililita 36 tu, zenye mafuta yapatayo gramu 1.2, zilitosha kuifikisha dawa kwenye asilimia 90 hivi ya kiwango cha juu kinachowezekana. Mililita 36 ni chini ya robo ya kikombe cha chai. Kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe yasiyotolewa mafuta kina gramu zipatazo 8, kwa hiyo kinavuka kiwango hicho mara kadhaa, na hata chai iliyopikwa kwa maziwa ya kweli inafaa. Karanga, ambazo karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, hutosha konzi moja ndogo. Parachichi, yai la kukaanga, samaki wa kukaanga, andazi lililopikwa kwa mafuta, vyote hivi hufanya kazi. Kwa mtoto anyonyaye, maziwa ya mama ni mlo wenye mafuta, na mama hahitaji kutafuta kingine.

Kuhusu tui la nazi, ambalo sisi watu wa Tanga tungelitaja kabla ya maziwa, nina maoni ya tahadhari kidogo. Mafuta ya nazi yana sehemu kubwa ya asidi za mafuta, yaani vipande vinavyounda mafuta, zenye minyororo mifupi kuliko zile za karanga, na baadhi ya asidi hizo hupitia mshipa wa damu uendao kwenye ini badala ya kufungwa ndani ya kailomikroni. Tui huamsha nyongo kama mafuta mengine, na wali wa nazi au mihogo ya nazi ni bora kwa mbali kuliko tumbo tupu, lakini katika nyumba yangu, kama vyote vipo, mgonjwa hupewa maziwa au karanga pamoja na dawa, na wali wa nazi humsubiri mchana.

Nilijiuliza pia kwa nini dozi zigawanywe mara sita, tena moja ikiangukia usiku wa manane, badala ya kumeza vidonge vyote mara mbili au tatu na kumaliza. Jibu limo katika usafiri ule ule. Utumbo una kikomo cha kiasi cha lumefantrini unachoweza kukipitisha kwa wakati mmoja, na ukiongeza vidonge katika dozi moja, kilichozidi hakiingii. Dawa hii ilipoanza kutumika ilitolewa kwa dozi nne, na majaribio yaliyofanywa Thailand mwishoni mwa miaka ya 1990 yakaonyesha kwamba dozi sita huponya wagonjwa wengi zaidi, ndipo dozi sita zikawa kanuni. Kwa hiyo mtu anayemeza vidonge vinane asubuhi kwa sababu alisahau vya usiku hajalipa deni lake. Vile vinne vya ziada vingi vimepotea.

Baada ya kuingia katika damu, lumefantrini haielei huru. Zaidi ya asilimia 99 yake hushikamana na protini, hasa zile zinazobeba mafuta katika damu, lipoprotini, ambazo wengi wamezisikia katika mazungumzo ya kolesteroli. Sehemu ndogo sana iliyo huru ndiyo inayopenya ndani ya seli nyekundu za damu, ambako kimelea cha malaria kimejificha kikila himoglobini, na inapotumika, nyingine huachiliwa kutoka kwenye protini kuchukua nafasi yake. Sehemu nyingine huhifadhiwa katika tishu za mafuta na kurudi katika damu taratibu. Ndiyo sababu lumefantrini hukaa mwilini kwa muda mrefu, kiasi chake kikipungua kwa nusu katika siku 3 hadi 6, ilhali artemetha hupungua kwa nusu katika saa 2 hivi.

Tofauti hii ndiyo moyo wa dawa mseto. Artemetha hufika katika damu mapema, hubadilishwa na ini kuwa dawa nyingine yenye nguvu ya kuua vimelea, na huviangamiza kwa kasi ambayo hakuna dawa ya zamani iliyoifikia. Mgonjwa hujisikia nafuu siku ya pili kwa sababu yake. Lakini inaondoka haraka, tena kadiri siku zinavyokwenda mwili hujifunza kuivunja upesi zaidi, hivyo kiasi chake hushuka dozi kwa dozi. Lumefantrini huenda kinyume: huanza kuchelewa, hata saa 2 zikapita kabla haijaonekana katika damu, hufikia kilele baada ya saa 6 hadi 8, na hujikusanya kutoka dozi moja hadi nyingine mpaka siku ya tatu. Vimelea vichache vilivyosalia baada ya artemetha kuondoka huachiwa lumefantrini. Kwa sababu hiyo watafiti hupima lumefantrini katika damu siku ya saba, siku nne baada ya kidonge cha mwisho, kama kigezo cha kujua nani yuko katika hatari ya kuugua tena. Mgonjwa aliyemeza dawa bila mafuta anaweza kupona homa yake vizuri kabisa kwa nguvu ya artemetha, akaamini kwamba ametibiwa, na wakati huo huo kiwango chake cha siku ya saba kikawa chini. Hatari hii haionekani kwa macho, na ndiyo maana nasisitiza kwamba kupata nafuu siku ya pili si ushahidi kwamba dawa imemezwa ipasavyo.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa kuliko mwaka 2006, serikali ilipoanza kuigawa ALu kama dawa ya kwanza ya malaria Tanzania Bara badala ya SP, dawa ya malaria iliyotangulia. Katika mkoa wa Kagera, na ng'ambo ya mpaka Rwanda na Uganda, vimelea vyenye mabadiliko ya vinasaba yanayovifanya vichelewe kufa kwa artemetha na jamii yake vimekwisha kuthibitishwa. Mshirika wa kwanza anapodhoofika, mzigo humwangukia mshirika wa pili, na mshirika wa pili katika dawa yetu ndiye huyu asiyesafiri bila mafuta.

Niligusie pia sindano, kwa sababu nimewasikia majirani wakisema kwamba sindano ina nguvu kuliko vidonge. Mgonjwa wa malaria kali, aliyepoteza fahamu au asiyeweza kumeza, huchomwa artesuneti, ambayo ni ya ukoo mmoja na artemetha lakini imetengenezwa kwa umbo linaloyeyuka katika maji, hivyo huingizwa moja kwa moja katika mshipa wa damu bila kuhitaji nyongo, miseli wala limfu. Artemetha ya sindano ipo pia, lakini kwa kuwa inapenda mafuta huyeyushwa katika mafuta na kuchomwa katika msuli, ambako hutoka polepole na kwa kiwango kisichotabirika, na ndiyo sababu artesuneti hupewa nafasi ya kwanza. Tena mgonjwa aliyechomwa artesuneti, akiweza kula, humalizia kwa dozi kamili ya vidonge vya mseto. Maziwa yanamsubiri hata yeye.

Ununuzi wangu wa pili ulikuwa bora, ingawa haukukosa dosari. Mwanangu, mwenye uzito wa kilo 52, alipimwa asubuhi, nami nilikuwa nimeshachemsha maziwa kabla hatujatoka nyumbani. Alimeza vidonge vinne saa 3 asubuhi kwa kikombe cha maziwa, na baada ya nusu saa akatapika vyote. Kanuni ni kwamba aliyetapika ndani ya saa moja arudie dozi, na hapo ndipo nilipogundua kwamba paketi yenye vidonge 24 kamili haina kidonge hata kimoja cha akiba. Nililazimika kurudi dukani kununua paketi nyingine kwa ajili ya vidonge vinne. Sidhani kama ni sahihi kumwuzia kila mtu vidonge vya ziada, maana vitabaki kabatini na kutumiwa bila kipimo, lakini ningependa duka liruhusiwe kutoa dozi moja ya kufidia kwa anayerudi na paketi yake. Baada ya kutapika nilimpa kwanza maji yenye sukari kidogo kidogo, kisha nusu kikombe tu cha maziwa pamoja na vidonge, kwa kuwa nusu kikombe kinatosha kabisa, na safari hii vilitulia. Dozi ya pili aliimeza saa 11 jioni na uji wa karanga, na nne zilizobaki kila moja kwa maziwa au kwa chakula cha kawaida cha nyumbani chenye mafuta.

Mwanangu alipona, na mimi nilipona masika. Sitadai kwamba yeye alipona vizuri zaidi kwa sababu ya maziwa, maana wagonjwa wawili si ushahidi, na mtu mzima aliyekulia Muheza ana kinga kiasi ambayo mtoto mdogo au mgeni kutoka nyanda za baridi hana. Ninachoweza kukitathmini ni kile kilichoelezwa na kisichoelezwa wakati wa kununua, na kwa upande huo duka la pili lilinitendea haki: mhudumu aliuliza uzito wa kijana, akauliza kama anatumia dawa nyingine yoyote, akasema wazi, "Ampe tumbo chakula kwanza, chenye mafuta kidogo." Swali lake la dawa nyingine lilikuwa la msingi, kwa sababu rifampisini ya kifua kikuu na efavirenzi ya virusi vya UKIMWI huliamsha ini kuivunja lumefantrini upesi, na mwenye tatizo la mapigo ya moyo hana budi kumwona daktari kwanza. Duka la kwanza halikuuliza lolote kati ya haya.

Kwa wazazi wa watoto wadogo, nawashauri waulizie vidonge vinavyoyeyushwa katika kijiko cha maji, ambavyo vilianza kutolewa mwaka 2009 kwa jina la Coartem Dispersible na sasa vipo vya watengenezaji wengine pia. Vina utamu, na mtoto havikatai. Lakini neno kuyeyushwa limewapotosha baadhi ya wazazi niliozungumza nao, wakidhani kwamba kidonge kinachoyeyuka katika maji hakihitaji tena mafuta. Kinachofanyika kijikoni ni kidonge kusambaratika tu. Lumefantrini iliyomo ni ile ile, na mtoto anyonyeshwe au apewe maziwa mara baada ya kumeza. Mwaka 2025 mamlaka ya dawa ya Uswisi iliidhinisha aina maalumu kwa watoto wachanga wa kilo 2 hadi 5, ambao kabla ya hapo walikuwa wakitibiwa kwa dawa zilizopimwa kwa watoto wakubwa kuliko wao.

Mapungufu ya kifungashio yangeweza kurekebishwa bila kubadilisha hata chembe moja ya dawa. Ningetaka mchoro wa kikombe cha maziwa kando ya kila jua na kila mwezi, na sentensi moja ya Kiswahili upande wa mbele wa paketi, kwa herufi zinazosomeka na mtu mwenye homa. Watengenezaji waliofikiria kuchora jua kwa ajili ya asiyejua kusoma walikuwa wamekwisha kukubali kwamba karatasi ya ndani haitoshi.

Kwa kuwa sina uwezo wa kubadilisha paketi, niliandika sentensi hiyo mwenyewe kwenye karatasi ngumu, "Meza dawa mseto pamoja na maziwa, karanga au chakula chenye mafuta, hata dozi ya usiku," nikaipeleka katika duka lile la kwanza, ambako yule binti wa kaunta aliisoma mara mbili kabla ya kuibandika ukutani juu ya mizani.

"Shikamoo mwalimu," alisema, "na yule asiye na maziwa wala karanga nyumbani, nimwambie nini?"

Nikamjibu kwamba amwombe ale ugali wake na mboga iliyoungwa kwa mafuta ya kupikia, kijiko kimoja kinazidi kiwango kinachohitajika. Akachukua kalamu, akaongeza maneno hayo chini ya maandishi yangu.